Siku Saba Katika Nyumba ya Watu

Nilikubali kwenda kwenye ile televisheni kwa sababu nilikuwa nimechoka. Watu hawaamini nikiwaambia hivyo. Wanadhani nilitaka kuonekana, na kuna akina mama kanisani waliosema nimeanza kujiona mtu. Lakini siku ile yule binti wa kamera alipoketi kwenye kiti changu, akaniwekea karatasi mezani na kunieleza kwamba nitaishi siku saba nyumbani kwa mama mwingine kule Nairobi, na huyo mama aje aishi kwangu, mengi yalinipita. Sikujua hata kipindi kinaonyeshwa siku gani. Nilichoshika ni pale aliposema, "Huko hakuna kazi utafanya, mama. Ni kukaa tu."

Wakati huo ulikuwa mwaka wa saba tangu mama mkwe wangu apigwe na kiharusi. Upande wake wa kulia ulikufa, mdomo ukaenda kando, akawa mtu wa kugeuzwa kitandani. Mume wangu ni dereva wa lori la kubeba vifaa vya barabara, huko kaskazini, na huja nyumbani mara moja kwa miezi miwili. Watoto wetu wawili wako shule za bweni. Kwa hiyo nyumbani kwetu, kilima kimoja juu ya Chepseon, upande wa Kericho, tulikuwa mimi, mama, ng'ombe wawili na shamba la majani chai.

Niliamka saa kumi na moja kila siku. Kukamua, kupeleka maziwa barabarani kabla pikipiki ya kukusanya haijapita, kurudi kumgeuza mama, kumwosha, kumpa uji, halafu kikapu mgongoni na kuingia kwenye chai. Saa saba nakimbia nyumbani kumlisha. Saa tisa niko kituoni na majani, nikingoja karani apime. Jioni ni yale yale tena. Jumapili nilisinzia kanisani, na mhubiri alikuwa amezoea.

Binti wa kamera alikuwa ametajiwa jina langu na jirani yangu, ambaye alikuwa na mpwa wake huko kwenye televisheni. Walitaka mama wa chai, mwenye bidii, anayejua kuongea. Wenzake walimwita dairekta, ingawa alikuwa mdogo, labda miaka ishirini na nane, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa karibu na moshi.

Nilimwambia nitamuuliza mama kwanza. Nikaingia chumbani, nikamweleza kwa Kipsigis. Mimi nilizaliwa na Wakisii, baba yangu alikuja huku kuchuma chai ya wazungu, nikalelewa kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, lakini miaka niliyokaa na huyu mama imenipa lugha yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nenda. Mimi siendi mahali."

Ndivyo alivyokuwa. Mdomo ulipinda, ila ulimi wake haukupinda.

Yule mama wa Nairobi alifika siku ya Jumatatu asubuhi, na gambuti, viatu vya mpira vya shambani, mpya ambazo bado zilikuwa na kibandiko cha duka. Alikuwa rika langu, miaka arobaini na kitu, anafanya kazi katika ofisi ya bima. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu wa madharau. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, mikono yenyewe ilikuwa baridi, na akaniuliza kwa sauti ya chini kama ng'ombe hupiga teke.

"Mmoja hupiga," nikamwambia. "Huyu mweusi. Simama upande huu."

Aliandika kwenye kidaftari.

Dairekta alikuja akaninong'oneza nisimwonyeshe mambo yote, niache mengine ayagundue mwenyewe, ndipo kipindi kiwe na ladha. Nikamjibu kwamba ya ng'ombe anaweza kugundua, ya mama hapana. Nikamwingiza mgeni chumbani, nikamwonyesha dawa, nikamwonyesha jinsi ya kumgeuza mama bila kuuvuta ule mkono uliokufa, na mahali pa kupaka mafuta ili ngozi isipasuke. Nilimwomba pia jirani yangu awe anapitia asubuhi na jioni. Mama alikuwa akimtazama mgeni kwa jicho moja tu. Mgeni alimsalimia kwa neno alilofundishwa njiani, "Chamgei," na mama akaitikia vizuri kabisa, kwa heshima ambayo mimi sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu.

Kisha nikaingia kwenye gari lao, nikalala hadi Nairobi.

Nyumba ilikuwa katika mtaa wa geti, yenye orofa moja juu. Tulipofika mlangoni wakanisimamisha. Walitaka kunipiga picha nikiingia. Niliingia. Dairekta akasema, "Mama, tunarudia. Safari hii shangaa kidogo."

"Nishangae nini?"

"Nyumba. Ni kubwa."

Nilirudi nje nikaingia tena. Hawakuridhika. Sikuwa na nia ya kuwasumbua, lakini nyumba kubwa nimeziona. Mama yangu mzazi alifua nguo kwa meneja wa shamba miaka yote ya utoto wangu, na mimi nilikuwa nikimsaidia kuanika. Bafu la kuogea ukilala nililiona kabla sijajua kusoma. Mara ya tatu nilikuwa nimechoka kusimama na begi, nikaachama mdomo nikitafuta hewa, na dairekta akapiga makofi. Hiyo ndiyo waliyoionyesha.

Mume wa yule mama alikuwa amesafiri kikazi, na watoto wao walikuwa wamepelekwa kwa shangazi. Nilidhani niko peke yangu. Wapiga picha walipoondoka saa kumi jioni, nikakaa kwenye kochi jeupe nikiogopa kuliegemea. Hapo ndipo msichana mmoja alipojitokeza nyuma ya jikoni, amevaa leso kichwani, akasimama kando ya mlango akasema, "Mama, chakula iko chikoni. Nilete hapa ama utakula kwa meza?"

Chikoni. Upande wa mume wangu wote husema hivyo. Nikamjibu kwa Kipsigis nikimuuliza ametoka wapi, na uso wake ukafunguka. Alitoka Ndanai. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, ameacha mtoto wa miaka mitatu kwa mama yake, na katika nyumba hii alikuwa na mwaka na nusu. Kabla ya hapo alikuwa akichuma chai kama mimi, kwenye shamba la mjomba wake.

Nilimuuliza kwa nini sikumwona mchana. Akasema aliambiwa wakati wa kamera akae kwenye chumba chake.

Asubuhi nilimuuliza dairekta. Nilisema, "Na huyu msichana?"

Akatazama karatasi zake. "Huyo hayuko kwenye hadithi, mama. Tukimweka watu watachanganyikiwa. Wanataka kuona maisha yako na maisha ya yule mama."

Sikubishana naye. Nilikuja kukaa tu.

Lakini kukaa kulinishinda. Siku ya pili niliamka saa kumi na moja, kwa mazoea, nikasikia maji yakimiminwa kwenye ndoo huko chini. Nikageuka upande wa pili wa kile kitanda, laini kama unga, nikafumba macho. Niliendelea kusikia ndoo. Ufagio. Sahani. Mwili wangu haukujua kwamba kazi ile haikuwa yangu, uliniamsha tu. Nikashuka nikamkuta anapiga deki, nikachukua kitambaa nifute meza. Alinishika mkono.

"Mama, ukifanya, mimi nitaulizwa."

Basi nikaketi kwenye kigoda cha jikoni nikamtazama. Sijui kama umewahi kukaa ukimtazama mtu akifanya kazi unayoijua. Inachosha kuliko kuifanya. Alikuwa akipiga magoti vile vile ninavyopiga mimi nikiosha chumba cha mama, goti la kushoto mbele. Wenye nyumba wakiwepo, aliniambia, huamka kabla ya wote, hulala baada ya wote, na hujua nani hapendi kitunguu na nani hunywa dawa saa ngapi. Nilikuwa nimeletwa kuishi maisha ya mwingine, kumbe maisha yangu yalikuwa hapo jikoni, na mtu mwingine ndiye aliyekuwa akiyaishi.

Wapiga picha walikuja kila siku saa tatu. Walinipeleka kula chakula nisichokijua, wakanipeleka kwenye duka la nguo. Siku ya tatu walinipeleka saluni, mahali pa kukandwa mikono na miguu. Msichana wa pale alishika vidole vyangu, akaona ule weusi wa utomvu wa chai ambao hautoki hata kwa ndimu, akaniuliza nafanya kazi gani. Kabla sijamaliza kumjibu nikalala. Nililala pale kwenye kiti, mdomo wazi, mate yakinitoka, kwa saa nzima. Hawakuniamsha. Walizungusha kamera pande zote. Dairekta aliniambia baadaye ilikuwa sehemu nzuri sana, iliyojaa hisia. Mimi nakumbuka tu kwamba nilipoamka shingo iliniuma na sikujua niko wapi, nikauliza kama mama amekula.

Jioni ile nilimpigia jirani. Akasema mama yuko sawa. Mgeni wangu alikuwa amechuma kilo nne tangu asubuhi, karani kituoni akayarudisha yote kwa sababu yalikuwa majani magumu, naye akakaa kwenye mfereji akalia. Wanawake wa kituoni walimchekea, halafu wakamwonea huruma, wakamchumia.

"Na nani anamwosha mama?"

"Ni yeye," jirani akasema. "Nilitaka kumsaidia akakataa."

Siku ya tano yule msichana wa Ndanai hakuamka. Sikusikia ndoo. Nilishuka nikagonga mlango wake, nikamkuta amejikunja chini ya blanketi, mwili moto, meno yanagongana. Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, kitanda na ndoo na picha ya mtoto iliyobandikwa ukutani kwa gamu. Alikuwa anajaribu kuvaa viatu.

"Lala," nikamwambia.

"Watu wa kamera wanakuja."

"Lala, nimesema."

Nilimtafutia dawa ya homa, nikampikia uji mwepesi, nikamweka kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Halafu, kwa sababu nyumba ilikuwa imekaa bila kufagiliwa na mimi si mtu wa kuangalia uchafu, nikafagia. Nikapiga deki ngazi zote. Nikaosha vyombo vya jana. Nitasema ukweli: kwa mara ya kwanza tangu nifike nilijisikia mzima.

Dairekta alinikuta nimepiga magoti katikati ya sebule, kitambaa mkononi. Siku hiyo tulipaswa kwenda kuogelea, au mimi nilipaswa kukaa kando ya maji nikiogopa. Alisimama akanitazama.

"Mama, hii si ndiyo kazi umeacha nyumbani kwako?"

"Basi piga picha. Si mnataka ukweli?"

"Si ukweli huu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja bei. Aliniomba niinuke, nibadilishe nguo, gari linangoja. Nikamwambia kuna mgonjwa ndani ya nyumba hii, na siendi popote mpaka amalize uji wake na homa ipungue. Mpiga picha alitazama saa. Dairekta akatoa simu, akaenda nje, nikamsikia akimweleza bosi wake kwamba kuna shida kidogo, kisha kwamba anaelewa, kisha kwamba anaelewa tena. Aliporudi alinifuata jikoni. Hakuna kiti kilichokuwa wazi, akaketi chini, mgongo kwenye kabati, miguu mbele kama mtoto.

"Sijalala siku tatu, mama," akasema. "Mchana niko na wewe. Nikitoka hapa naangalia picha zinazotoka Kericho. Wanataka yule mama alie zaidi."

"Na wewe unataka nini?"

Alifikiria. "Nataka kulala."

Nikampa uji. Aliunywa wote, akaomba mwingine. Tulikaa pale wanawake wawili, na wa tatu akitoka jasho nyuma ya ukuta, na hakuna aliyepiga picha. Tulikwenda kwenye maji saa nane. Niliogopa vizuri, kama walivyotaka, ili tumalize.

Jioni msichana alikuwa ameamka, homa imeshuka. Alinikuta sebuleni akasimama nyuma ya kochi, akaanza kuzisuka nywele zangu bila kuuliza. Halafu akaniambia kwamba mtoto wake akiongea naye kwenye simu humwita shangazi. Mama wa msichana, anayemlea, ndiye mtoto humwita mama. Nilimwambia tu kwamba Ndanai na Chepseon hata kama si karibu, mabasi ya kwenda huko hupita barabara yetu, na akienda nyumbani ashuke.

Nilirudi Jumatatu. Mvua ilikuwa imenyesha, na barabara ya kupanda kwetu ilikuwa tope tupu, gari lao likakwama, nikamaliza mlima kwa miguu. Nilimkuta mgeni wangu ameketi kitandani kwa mama, anamlisha kwa kijiko. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa plasta, midomo imekauka kwa jua na baridi. Wapiga picha walitaka tukumbatiane mlangoni, tukakumbatiana. Walipozima kamera alinishika mabega.

"Dada, sijui unaweza aje."

"Siwezi," nikamjibu.

Akacheka. Alidhani namfanyia mzaha.

Nikamwambia msichana wake alikuwa mgonjwa sana siku ya Ijumaa. Alishtuka. "Hakuniambia. Tumeongea kwa simu kila siku."

"Hawezi kukwambia."

Aliangalia gambuti zake, ambazo sasa zilikuwa na tope hadi juu, na nikaona ameelewa, ila sikujua ataibeba habari hiyo mpaka wapi. Aliondoka akilia, na mama mkwe wangu, ambaye hakulia hata siku alipozikwa mume wake, alikuwa na machozi kwenye lile jicho lake zima.

Kesho yake asubuhi nilirudi kazini kwangu. Nilikamua, nikapeleka maziwa, nikaja kumwosha mama. Nilimvua, nikapitisha kitambaa shingoni, kwapani, mgongoni, nikamgeuza. Maji hayakuwa yamepoa bado nilipomaliza. Nilikuwa nikimfunga vifungo aliponiambia, bila hasira, "Yule aliniosha polepole."

Nikaendelea kufunga.

"Alikuwa anaosha kidole kimoja kimoja," akasema. "Wewe huniosha kama sufuria."

Niliketi. Nikamwambia, "Mama, yeye amekuosha siku saba. Mimi nimekuosha miaka saba."

"Najua."

"Alikuwa na watu wanamchumia chai. Jirani alimkamulia ng'ombe."

"Najua, msichana wangu. Sikulaumu. Nakwambia tu vile ilikuwa."

Nilichukua kikapu nikaenda shambani. Nilichuma vibaya siku ile, nikang'oa majani na vijiti pamoja, nikilia bila kujificha maana hakuna aliyekuwepo. Nilimchukia yule mama wa Nairobi kwa ule upole wake. Upole wa siku saba ni rahisi, nilijiambia. Kisha nikafika mwisho wa mstari, ambapo chai inapakana na mahindi ya jirani, na hasira ikaisha. Haikuisha kwa sababu nilisamehe. Hasira nayo inataka nguvu. Kilichobaki kilikuwa kwamba mama alikuwa amesema kweli. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipotazama vidole vyake vya mguu, na sikukumbuka.

Asubuhi iliyofuata nilimwosha polepole. Nilipasha maji mara mbili. Niliosha kidole kimoja kimoja, nikakuta kwenye kisigino kovu ambalo sikuwahi kuliuliza, naye akaniambia ni la panga, alijikata akiwa msichana akilima na mama yake huko Kedowa, wakati msitu ulikuwa unafika hadi barabarani. Aliongea muda mrefu. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Na pikipiki ya maziwa ikapita ikaniacha. Chai iliyokuwa imekomaa upande wa juu ikapitiliza, karani akanirudishia nusu ya majani kituoni mbele ya watu.

Hapo nilielewa kwamba sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa mtu mmoja.

Nikampigia mume wangu. Alikuwa mahali pa upepo, sauti yake inakatika. Nilimwambia, "Mama anahitaji watu wawili. Mimi ni mmoja. Ongea na dada zako."

"Dada zangu wako na nyumba zao."

"Na mimi niko na yangu. Mama ni wao pia."

Halafu akasema, "Kwani hiyo televisheni imekufundisha nini?" Sauti yake haikuwa kali. Alikuwa amechoka pia. Nikamwambia haikunifundisha kitu, nimekaa tu nikapata nafasi ya kufikiri. Ilichukua wiki kadhaa, na maneno mengine ambayo siwezi kuyaandika, lakini mwishowe dada yake mkubwa, aliyeolewa upande wa pili wa bonde, alianza kuja Jumatano na Jumamosi. Anakuja amenuna. Anamwosha mama yake akilalamika kuhusu barabara. Ila anakuja, na siku hizo mbili mama huoshwa kwa saa nzima na mimi huchuma bila kukimbia.

Kipindi kilionyeshwa Jumapili moja alasiri, miezi kadhaa baadaye. Tulitazama sebuleni kwa jirani. Tulimpeleka mama huko kwa kiti cha magurudumu cha kanisa, tukimsukuma watatu kwenye nyasi. Nilijiona naingia mlangoni nimeachama mdomo kama mtu aliyeona ajabu. Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nilijiona nimelala saluni, wameweka muziki wa huzuni, na akina mama wawili wakanigeukia wakanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Nilimwona mgeni wangu akilia kwenye mfereji. Walionyesha hilo mara tatu. Mama alisubiri, jicho kwenye kioo, hadi majina ya watu yakaanza kupanda.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

Walikuwa wameonyesha mguu wake tu, chini ya blanketi. Yule msichana wa Ndanai hawakumwonyesha kabisa, isipokuwa mkono wake ulioweka kikombe mezani mbele yangu na kutoweka. Ukiwa hujui, ungesema kikombe kilikuja chenyewe.

Mama wa Nairobi alinipigia simu mara mbili mwaka ule. Mara ya kwanza aliuliza hali ya mama na kunieleza kwamba sasa msichana wake hupumzika Jumapili yote. Mara ya pili alikuwa kwenye msongamano wa magari, akasema anafikiria sana ule ukijani wa chai yetu. Baadaye tuliacha. Simlaumu. Nami sikumpigia.

Mwezi wa Desemba, siku chache kabla ya Krismasi, nilikuwa napalilia sukuma wiki kando ya nyumba nikaona mtu anapanda mlima na begi kubwa na mfuko wa viatu vya mtoto. Alikuwa yeye, yule msichana. Alikuwa ameshuka barabarani kama nilivyomwambia, akauliza njia. Alikuwa na wiki mbili za kwenda nyumbani. Nilimpeleka kumsalimia mama, wakaongea, wakakuta kwamba mjomba wake aliwahi kununua ng'ombe kwa watu wa huku. Nikampa chai na viazi. Alitaka kuondoka saa sita apate gari la kumfikisha mapema.

"Keti kidogo miguu ipoe," nikamwambia. Nikamwonyesha kitanda changu.

Alilala kabla sijamfunika. Nilikwenda kuchuma, nikapeleka majani kituoni, nikarudi, bado alikuwa amelala, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda. Mama aliniita kwa sauti ya chini akaniambia gari la msichana linampita, nimwamshe. Nilisimama mlangoni nikamtazama nikaona siwezi. Nikampigia mama yake Ndanai, namba ilikuwa kwenye simu yake, nikamwambia bintiye yuko salama, atafika kesho asubuhi. Yule mama aliuliza kama ni mgonjwa. Nikasema hapana, amelala tu. Kwa nyuma nilisikia mtoto akiuliza ni nani anaongea.

Aliamka saa kumi na moja za jioni, akaruka, akaanza kutafuta viatu. Nilimwambia gari lilikwenda zamani na kwamba nimeshaongea na kwao. Akakaa ukingoni mwa kitanda, uso umevimba kwa usingizi. Nilidhani atakasirika. Akauliza kama kuna kazi ya kufanya. Nikamwambia kuna ng'ombe wa kukamua, lakini nitawakamua mwenyewe, yeye akae na mama.